Wiki ya Thelathini na Saba

Fundi Miwani alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameitandaza mbele yake na mgongo ameuegemeza kitandani, akikunja soksi za mtoto ambazo kila moja ilimtosha kidole gumba tu, aliposikia gari la mama yake likikohoa nje. Hakuwa na haja ya kuchungulia. Mama yake alikuwa na namna yake ya kufunga mlango wa gari: mara mbili, kana kwamba ule mbamizo wa kwanza ulikuwa wa kuonya.

"Kaja kunichukua," alijisemea.

Wateja walimwita Fundi Miwani kwa sababu ya kiduka chake cha kupimia macho na kukatia vioo vya miwani, kule chini karibu na benki. Alikuwa amekifunga wiki iliyotangulia, baada ya miguu kuvimba mpaka viatu vyote vikamkataa, akabaki kutembelea kandambili za mumewe. Siku hiyo mimba ilitimiza wiki thelathini na saba. Kiungulia kilikuwa kimehamia kifuani mwake kama mpangaji. Kugeuka kitandani ilikuwa shughuli ya kupangwa na kushauriwa, na akikaa chini, kama alivyokaa sasa, kuinuka kulihitaji mtu.

Mtu huyo aliingia saa hiyohiyo kutoka jikoni, amebeba beseni la maji ya uvuguvugu kwa mikono miwili. Mumewe. Wenzake kazini walimbandika jina la King'ora, kwa kuwa aliendesha gari la wagonjwa na kwa kuwa, tofauti na gari lake, yeye mwenyewe hakuwa na kelele hata kidogo.

"Mwalimu amefika," alisema, akaweka beseni chini taratibu ili maji yasimwagike.

"Nimesikia."

Alimwinua kwa kumshika makwapani, akamkalisha kwenye kiti, akamwingiza miguu majini, mguu mmoja baada ya mwingine. Kisha akarudi nyuma hatua mbili na kusimama ukutani. Fundi Miwani aliziona zile hatua mbili. Kwa wiki tatu sasa alikuwa anaziona kila siku.

Mama mtu aliingia bila hodi. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwenye mgongo ulionyooka na sauti iliyozoea kufika dawati la nyuma. Mkwewe alimwita Mwalimu, kwa sababu katika miaka mitatu ya ndoa hakuwahi kuambiwa amwite vinginevyo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, dereva." Alimwangalia binti yake kuanzia utosini hadi kwenye beseni. "Una wiki ngapi leo?"

"Thelathini na saba, mama."

"Na hospitali ni mwendo gani kutoka huku kilimani?"

"Mama, unajua ni mwendo gani."

"Dakika arobaini, mvua isiponyesha. Na uchungu ukikushika saa ambayo mwenzio yuko barabarani anakimbiza wake za watu?"

"Anakimbiza wagonjwa, mama."

"Hao wagonjwa nao wana waume zao!" Mwalimu Mkuu akaketi pembeni ya kitanda, mkoba mapajani. "Nimekuandalia chumba. Kwangu hadi hospitali ni dakika kumi. Nimeweka kigoda bafuni uogee umekaa. Kitanda nimekishusha miguu usiwe unakipanda kama ngazi. Sikuja kubishana, mwanangu. Nimekuja na gari."

Fundi Miwani alimgeukia mumewe, akangoja. Alijua atasema nini. Atasema kwa ule upole wake kwamba wameshapanga, kwamba jirani mwenye teksi ameshaambiwa akae na simu wazi, kwamba mkewe atabaki nyumbani kwake. Kwa mama huyu huyu, mwanamume huyu hakuwahi kurudi nyuma. Alipokwenda kuposa aliulizwa kama hiyo nayo ni kazi, kukimbia mchana kutwa na vilio vya watu nyuma ya kiti, akajibu kwamba ndiyo, ni kazi, na angeomba aonyeshwe nyumba ambayo haitawahi kuihitaji. Mama alihudhuria harusi amevaa miwani myeusi mwanzo mpaka mwisho. Lakini alihudhuria.

King'ora alijifuta mikono kwenye suruali.

"Mwalimu anasema kweli," alisema. "Aende."

Hata mama mtu aligutuka. Alikuwa amekuja na hoja nyingine tano, na sasa hakujua azipeleke wapi.

"Nini?" Fundi Miwani aliuliza.

"Nenda kwa mama, Fundi. Ni karibu na hospitali."

"Mama, tupishe kidogo."

Mwalimu Mkuu alikwenda sebuleni, na kwa mara ya kwanza tangu aijue nyumba ile, alifunga mlango mara moja tu, polepole.

"Kwa hiyo umenichoka," Fundi Miwani alisema.

"Sijasema hivyo."

"Hukusema. Wewe husemi! Wiki tatu hujaniwekea mkono hapa." Alijipiga kiganja juu ya tumbo. "Zamani ulikuwa ukirudi kazini hata salamu hunipi, unamsalimia yeye kwanza. Unanipangia mito, mmoja katikati ya magoti, mmoja chini ya tumbo, mmoja mgongoni, halafu unajibana kwenye kile kipande kilichobaki. Sasa unanipangia mito unakwenda kulala kwenye kochi. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Nilitaka upate nafasi."

"Mimi sikuomba nafasi."

Alimtazama machoni. Macho yale alikuwa ameyapima yeye mwenyewe. Miaka minne iliyopita King'ora aliingia dukani kwa ajili ya kipimo cha leseni, akaketi mbele ya ubao wa herufi. Fundi akamwambia asome mstari wa mwisho. Akasoma mistari yote isipokuwa ule. "Huo nauacha," alisema, "nipate sababu ya kurudi kesho." Na kesho yake akarudi kweli, akausoma bila kukosea hata herufi moja, akaomba apimwe tena. Tangu siku hiyo Fundi Miwani aliamini kwamba hakuna kitu ndani ya macho yale asichoweza kukiona. Sasa alitazama akakuta yamefungwa, kama duka siku ya mapumziko.

"Sema kitu," alimwomba.

Mumewe akainama, akautwaa mkoba wa hospitali uliokuwa karibu na kabati, ambao walikuwa wamekwisha kuutayarisha wote wawili: kadi ya kliniki mfuko wa mbele, gauni la vifungo kifuani, pedi, nepi, mashuka mawili laini, nguo za mtoto zilizofuliwa na kupigwa pasi. Akatia zile soksi juu kabisa na kufunga zipu.

"Nitakupigia kila siku," alisema.

"Usijisumbue."

Garini, mama yake hakusema lolote mpaka waliposhuka kilima kizima. Hapo akasema, "Nilidhani atapigania." Alilisema bila furaha, kana kwamba hata yeye kuna kitu alikuwa amepoteza.

* * *

Siku nne zilipita kwa mama. Na mama, tumpe haki yake, hakuacha jambo. Alimpikia chakula kidogo kidogo mara sita kwa siku ili kiungulia kisimwamshe. Alitandika mkeka wa mpira bafuni asiteleze. Jumapili alipiga magoti miguuni pa binti yake, mwanamke yule ambaye shule nzima ilikuwa ikisimama akipita, akamkata kucha za miguu moja baada ya nyingine, kwa kuwa mwenyewe hakuwa amezifikia kwa miezi miwili.

"Nawe ulikuwa na miguu kama hii," alimwambia, bila kuinua uso. "Ulipozaliwa. Minene hivi hivi."

Ila mito haikukaa vizuri. Mama aliipanga kama vitabu, imenyooka, na Fundi Miwani aliipangua, akajaribu mwenyewe, ikamponyoka. Akilala ubavu wa kushoto kama alivyoelekezwa kliniki, nyonga ikamuuma. Akigeuka kulia, hofu ikamrudisha kushoto.

Ujumbe wa King'ora ulikuja asubuhi na jioni. Umekula? Umelala ubavu gani? Miguu imepungua? Ungesema ni fomu ya hospitali. Naye alijibu kama anayejaza fomu. Ndiyo. Kushoto. Kidogo. Mara mbili aliandika Nimekukumbuka, akafuta.

Jumatano, baada ya chakula cha mchana, alijilaza kumngojea mtoto acheze.

Mtoto alikuwa na saa yake. Kila baada ya chakula cha mchana alijipindua, akapiga teke chini ya mbavu za kulia, akapumzika, akapiga tena, mpaka Mwalimu Mkuu akasema tumbo lile lina fundi seremala ndani. Fundi Miwani alilala, mkono juu ya tumbo, akangoja. Dakika kumi. Ishirini. Alikumbuka kwamba hata asubuhi hakumsikia vizuri. Au alimsikia? Alikuwa anaoga, akadhani amejinyoosha. Au yalikuwa ni maji tu yanamtiririka?

"Mama."

Mwalimu Mkuu alikuja, taulo begani.

"Mtoto hachezi."

"Amelala, mwanangu. Mwisho mwisho hapa nafasi inawapungukia. Hata wewe ulininyamazia siku nzima, nikadhani umehama."

"Una hakika?"

"Pumzika. Utamsikia jioni."

Akapumzika, au akajilaza tu na macho makavu yakiangalia dari. Alilitikisa tumbo kidogo. Aliongea nalo. Aliimba kwa sauti ya chini. Ilipofika saa tisa kasoro robo, moyo ulikuwa unamwenda mbio hata akashindwa kujua kama kile kinachodunda chini ya kiganja ni mtoto au ni yeye mwenyewe. Akachukua simu. Hakufikiria kochi wala hatua mbili za nyuma. Kidole kilikwenda chenyewe.

Iliita mara moja tu.

"Fundi?"

"Mtoto hachezi."

Nyuma ya sauti yake alisikia machela ikisukumwa kwenye sakafu ngumu.

"Tangu lini?"

"Sijui. Asubuhi nadhani... sijui. Tangu mchana kabisa. Mama anasema amelala."

"Usingoje." Sauti ya King'ora ilibadilika, ikawa sauti asiyoijua, fupi na iliyonyooka. "Nisikilize. Usingoje jioni, usingoje hata robo saa. Ondokeni sasa hivi. Labda amelala kweli, lakini akaonekane na mkunga. Mwalimu yupo?"

"Yupo. Wewe uko wapi?"

"Mbali. Mwendo wa saa mbili. Nimeleta mgonjwa, nesi bado anamkabidhi, siwezi kumwacha hapa." Alipumua. "Weka simu kwenye spika. Usikate. Hata kama sisemi kitu, usikate."

Mwalimu Mkuu alikuwa ameshasimama mlangoni. Alikuwa ameyasikia yote, na ile rangi ya ualimu ilikuwa imemtoka usoni. Aliuchukua mkoba, akasahau viatu, akarudi kuvaa, akavaa viatu viwili visivyofanana.

* * *

Mwalimu Mkuu aliendesha gari kama alivyosahihisha madaftari: polepole, pua karibu na usukani. Fundi Miwani alilala nusu kwenye kiti cha nyuma, ubavu wa kushoto, simu kifuani.

"Mko wapi?" simu iliuliza.

"Tumetoka. Tunaingia barabara ya soko," mama alijibu.

"Hapana. Leo Jumatano, soko limemwagika mpaka barabarani. Mama, ukifika kituo cha mafuta kata kushoto, pita nyuma ya kiwanda cha maziwa."

Alimwita mama. Hakuna aliyeshtuka, hakuna aliyekuwa na muda wa kushtuka.

"Njia ile ina mashimo!"

"Ina matatu. La kwanza liko mbele ya geti la kiwanda, likwepe kwa kulia. La pili na la tatu yamefuatana, hapo punguza kabisa, halafu hakuna tena. Washa taa za tahadhari. Pande zote mbili ziwake. Umewasha?"

"Nimewasha."

"Ongeza mwendo kidogo, mama. Hapo hakuna watu."

Gari likaguna, likaongeza mwendo. Mbele yao mkokoteni wa magunia ulikuwa umekaa katikati ya njia kama uliozaliwa pale.

"Kuna mkokoteni," Mwalimu Mkuu alisema.

"Piga honi."

"Mimi sipigi honi ovyo kwenye—"

"Mama, piga honi!"

Mwalimu Mkuu akapiga honi. Akaipiga kwa viganja viwili, ndefu, bila kuachia, mpaka mwenye mkokoteni akauvuta pembeni, kisha akashika kichwa. Kwenye kiti cha nyuma Fundi Miwani aliyafumba macho. Alikuwa anahesabu. Mashimo: moja. Mawili. Matatu. Baada ya hapo hakuwa na kitu cha kuhesabu, na chini ya mkono wake kulikuwa kimya.

"King'ora," aliita.

"Niko hapa."

"Naogopa."

Simu ilikaa kimya muda mrefu kiasi kwamba alidhani imekatika.

"Niko hapa," ilirudia.

Getini walikuta kiti cha magurudumu kinawangoja. King'ora alikuwa ameazima simu ya mtu, akawapigia wodi ya wazazi huku hii nyingine iko sikioni. Mkunga aliyekishika kiti alikuwa mwanamke mpana, mchangamfu, mikono mifupi yenye nguvu.

"Ndiye wewe mke wa King'ora? Karibu, mama. Mumeo kanipigia, nikadhani ni simu ya polisi. Pandisha mguu. Hivyo hivyo. Bibi, wewe njoo nyuma yetu, na uvue hivyo viatu kabla hujaanguka."

Chumba kilikuwa kidogo, kitanda kimoja, pazia la kijani, dirisha linalotazama matenki ya maji. Mkunga alimlaza kwa ubavu, akampaka mafuta mazito ya baridi tumboni na kuweka kifaa kidogo kama redio ya mkononi. Kikakwaruza. Akakisogeza. Kikakwaruza tena.

Fundi Miwani alimwangalia usoni. Alikuwa na mazoea ya kusoma nyuso za watu wanaojitahidi kuona. Mkunga hakuwa anatabasamu tena. Alikuwa anasikiliza kwa shingo iliyopinda, akisogeza kile kifaa chini, kushoto, chini zaidi. Mama yake alikuwa amesimama miguu mitupu pembeni ya pazia, amelikamata kwa ngumi.

Kisha chumba kikajaa. Mapigo ya haraka, yaliyofuatana, kama nyayo za mtu anayekimbia kuwahi.

"Huyu hapa!" Mkunga aliachia pumzi. "Kajificha nyuma kabisa, mtundu huyu. Mapigo mia moja na arobaini. Moyo mzuri. Mzuri!"

Fundi Miwani hakulia. Alifungua mdomo akitaka kulia, na badala yake meno yakaanza kugongana. Mkunga akamfunika shuka, akamfunga mkanda wa mashine tumboni, akamweleza kwamba watamsikiliza kwa muda bila haraka, na kwamba daktari atapita kumwona. Katikati ya maelezo hayo, chini ya mbavu za kulia, kitu kilisukuma. Polepole. Kikasukuma tena.

"Mama," alisema. "Weka mkono. Hapa. Hapa!"

Mwalimu Mkuu aliweka mkono. Ndipo akalia yeye, bila sauti, machozi yakimdondokea kwenye mkono uleule.

Simu ilikuwa bado kifuani. "Umesikia?" Fundi Miwani aliiuliza.

Alichosikia ni mwanamume anayepumua vibaya, mahali penye upepo, na sauti ya nesi ikimwambia, kaka, kaa chini kwanza, hapo hapo, kaa chini.

* * *

Aliwasili jua likielekea kuzama, bado amevaa fulana ya kazi yenye mistari ya kung'aa. Alisimama kizingitini pa kile chumba kidogo. Aliitazama mashine, akautazama mkanda, akalitazama tumbo. Hakuingia.

"Ingia," Fundi Miwani alimwambia.

"Niko sawa hapa."

"Hauko sawa. Na usirudi nyuma, nakuona. Ingia, ufunge huo mlango, uniambie una nini."

Mama yake alianza kuinuka apishe. Akamshika mkono. "Kaa, mama. Leo sote tuko kwenye gari moja."

King'ora aliingia. Alikaa ncha ya kiti, mikono katikati ya magoti. Alipoanza kusema alikuwa anaangalia sakafu.

"Wiki tatu zilizopita tulikwenda kumchukua mama mmoja. Mimba kama yako. Hata umri ni wako. Mtoto hakucheza tangu jana yake, nyumbani wakamwambia amelala, wakamwambia mwisho mwisho wanatulia. Mumewe ndiye aliyetupigia, alipochoka kungoja." Aliibana mikono kwa magoti. "Niliendesha siku hiyo, Fundi. Sijawahi kuendesha hivyo. Tulifika. Lakini hatukufika."

Mashine iliendelea na nyayo zake.

"Yeye alipona. Mtoto hakuwepo tena. Kesho yake nikampeleka mumewe nyumbani, kakaa kiti cha mbele, kapakata mkoba wa nguo za mtoto. Njia nzima aliupakata. Nikifika nyumbani nawe unaniambia, njoo umsikie, anacheza. Nikawa siwezi. Nikiuinua mkono nauona ule mkoba. Nikafikiri, nikikuambia nitakutia hofu, na mjamzito hatiwi hofu. Nikikaa kimya utajifungua salama. Halafu Mwalimu akaja akasema dakika kumi. Dakika kumi, badala ya arobaini! Ningemkatalia vipi?"

"Mimi nikadhani hunitaki."

"Nilijua unadhani hivyo." Aliinua macho kwa mara ya kwanza, na safari hii yalikuwa wazi, mekundu, hayana kizuizi. "Nikaona bora unichukie ukiwa karibu na hospitali."

Ilikuwa ni sentensi ya kijinga kuliko zote alizowahi kumsikia akisema. Fundi Miwani alitaka kumrushia mto. Alitaka pia kumvuta kwa ile fulana yake ya kung'aa mpaka wakae kitandani wote wawili. Alichofanya ni kunyoosha mkono, na King'ora akaushika, akauinamia, akauweka machoni.

"Kumbe mimi," Mwalimu Mkuu alisema kutoka kwenye kiti chake. Sauti yake ilikuwa ndogo, haingefika hata dawati la mbele. "Mimi ndiye niliyemwambia amelala. Kama si wewe, ningemkalisha mpaka jioni."

"Lakini umemfikisha, mama," King'ora alisema.

"Umenifokea."

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Ungechelewa kunifokea, ningekuwa bado nyuma ya ule mkokoteni." Alijifuta uso kwa ncha ya taulo, ambalo muda wote lilikuwa bado begani mwake. "Ila mambo ya kunyamaziana kama mawe hayatakuwepo kwangu. Mtu akiogopa, aseme anaogopa. Mimi hapa nimeogopa leo mpaka nimevaa viatu vya jozi mbili."

Fundi Miwani akacheka. Alicheka mpaka mkanda ukateleza, na mashine ikapiga kelele, na mkunga akaja mbio kutazama ni nini, akawakuta watatu wanacheka na kufuta machozi kwa taulo moja.

"Kama mna nguvu za kucheka, sikilizeni," mkunga alisema, akiurudisha mkanda. "Daktari ameridhika. Mtoto yuko vizuri. Leo mtakwenda nyumbani, keshokutwa mrudi tumsikilize tena. Na akinyamaza tena, hata ikiwa ni mara ya kumi, unakuja. Hakuna atakayekuona msumbufu hapa. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na usiku usilale peke yako na mawazo. Hayo ndiyo yanayopandisha presha."

Alipotoka, Mwalimu Mkuu alikohoa. "Chumba changu kile kinatosha wawili. Kitanda kipana." Akaangalia dirishani, kwenye matenki ya maji. "Mkwe wangu hatakuwa na safari ndefu ya kwenda kazini."

King'ora alitoa simu mfukoni, akaishika muda akiitazama, kisha akampigia mkuu wa zamu. Mkewe alijua kwamba kwa miaka tisa mwanamume huyu hakuwa ameomba ruhusa hata ya nusu siku. Alikuwa akiwafanyia zamu wenzake wenye harusi, wenye misiba, wenye watoto wa kuzaliwa.

"Mkuu. Ni mimi. Naomba likizo, kuanzia kesho." Aliutafuta mkono wa mkewe bila kuangalia, akaupata juu ya tumbo, akaacha wake hapo hapo, kiganja kizima. "Hapana, siumwi. Mke wangu anakaribia kujifungua, nataka niwe naye." Akaubana mkono wa mkewe. "Na pia, mkuu, naogopa. Naogopa sana. Siwezi kuendesha nikiwa hivi."

Walingoja wote, hata mama. Kutoka kwenye simu ilisikika sauti nzito ya mwanamume, ikisema taratibu kwamba fomu yake ya likizo ipo mezani wiki ya pili sasa, imejazwa kila kitu isipokuwa sahihi, na kwamba pale ofisini walikuwa wanajiuliza tu ataiomba lini.

King'ora alishusha simu. Mtoto akapiga teke, moja kwa moja kwenye kiganja chake. Hakuuondoa mkono.